Bwana Darwin na Nyungunyungu Wake

Likitajwa jina la Charles Darwin katika baraza zetu za Pwani, mazungumzo huharibika. Mmoja atataja nyani, wa pili ataomba maghufira, na wa tatu atavaa viatu vyake aende zake. Nami sikukaa kuandika leo ili niufufue ugomvi huo, kwani umeshapata wasemaji wengi na wasikilizaji wachache. Nimelelewa chuoni, nikausoma msahafu kabla ya kujua kusoma gazeti, na itikadi yangu juu ya asili ya mwanadamu haijatikiswa na kitabu cha mtu. Lakini huyu Bwana Darwin alikuwa na kazi nyingine, aliyoianza akiwa kijana wa miaka 28 na kuichapisha akiwa mzee wa miaka 72, miezi sita tu kabla ya kufa kwake. Kazi hiyo haina ugomvi na dini ya yeyote. Ni kazi ya nyungunyungu.

Naam, nyungunyungu, yule mnyoo wa udongoni asiye na macho wala masikio, ambaye mtoto humtia kwenye ndoana bila ya kumwonea huruma na mwanamke akimfukua bustanini hupiga ukelele. Sisi tuliopita chuoni tulizoea tangu utotoni kwamba kiumbe mdogo ana haki ya kutajwa, maana msahafu una sura ya Nyuki, sura ya Chungu na sura ya Buibui. Basi ndugu msomaji usinicheke nikikuomba dakika chache za kumsikiliza mdogo huyu mwingine, na mzee wa Kiingereza aliyempigia hesabu.

Darwin alizaliwa tarehe 12 Februari 1809 katika mji wa Shrewsbury, magharibi ya Uingereza. Baba yake alikuwa tabibu mwenye mali, naye akataka mwanawe awe tabibu pia. Kijana akapelekwa Edinburgh kusoma uganga, lakini hakuweza kustahimili kumtazama mgonjwa akipasuliwa, maana zama hizo hapakuwa na dawa ya kumlaza mtu. Akatoka. Akapelekwa Cambridge awe kasisi; huko nako akashughulika zaidi na kukusanya mende wa kila rangi kuliko na masomo ya kanisa. Mwisho akapata nafasi katika merikebu ya serikali iitwayo Beagle, iliyong'oa nanga tarehe 27 Desemba 1831 na kurudi nyumbani Oktoba 1836. Ilipokuwa njiani kurudi ilipitia Mauritius, ikazunguka rasi ya Afrika Kusini, kwa hiyo pwani yetu hii ilipitwa kwa mbali na Bwana Darwin hakuitia mguu. Safari hiyo ndiyo iliyomtolea kitabu chake cha 1859 kilichozua kelele duniani, nami naipita upesi.

Kisa chetu kinaanza mwaka 1837. Darwin alikuwa London, amechoka kwa kazi ya kupanga mizigo ya safari, na moyo ulikuwa ukimwenda mbio hata madaktari wakamwamuru atoke mjini akapumzike. Akaenda kwa mjomba wake, Josiah Wedgwood, katika nyumba ya Maer huko Staffordshire. Jamaa hawa ndio wenye kiwanda maarufu cha vyombo vya udongo; pengine ndiyo maana mzee huyo akautazama udongo kwa jicho tofauti. Akamchukua mpwa wake malishoni, akamwonyesha ajabu. Miaka kadhaa nyuma malisho hayo yalikuwa yamemwagiwa chokaa na mabaki ya makaa ya mawe, yote juu ya uso wa ardhi. Hakuna aliyelima tangu siku hiyo. Sasa ukifukua, waikuta chokaa chini ya nyasi, imejipanga kama mstari uliopigwa kwa rula, inchi chache ndani ya ardhi, na juu yake umelala udongo mweusi laini usio na kokoto hata moja.

Nani aliyeizika? Mjomba alikuwa na rai yake: nyungunyungu. Wao hula udongo chini na kuutoa juu kama kinyesi, vichuguu vidogo vidogo vya kila usiku, na kwa miaka kadhaa vichuguu hivyo hufunika chochote kilicholala juu. Mtu mwingine angelicheka na kurudi nyumbani kunywa chai. Darwin alilichukua neno lile akaliwaza, akapima mashimo, na tarehe 1 Novemba mwaka huo huo akasimama mbele ya Jumuiya ya Jiolojia ya London kuwasomea mabwana wakubwa, waliozoea kusikia habari za milima na volkano, habari za kinyesi cha mnyoo. Tusimnyime mjomba haki yake. Rai ilikuwa yake, na Darwin mwenyewe alimtaja. Wala hatukosi kumtaja kasisi mmoja wa kijijini, Gilbert White, aliyeandika tangu mwaka 1777 kwamba ardhi bila ya nyungunyungu ingekuwa baridi, ngumu na tasa. Lakini White alisema tu. Darwin alipima, na katika kupima ndiko kulikokwenda miaka yake arubaini na kitu.

Mwaka 1839 alimwoa binti wa mjomba huyo, Emma, na Septemba 1842 wakahamia nyumba ya Down, katika kijiji cha Kent, kiasi cha maili 16 kutoka London. Hapo aliishi mpaka kufa. Alikuwa mgonjwa muda wote huo; tumbo, kutapika, kichwa, maradhi ambayo tabibu hakuyapatia jina. Watoto kumi walizaliwa, watatu wakafa wangali wadogo, na kifo cha binti yake Annie mwaka 1851, mtoto wa miaka kumi, kilimvunja mzee huyo kwa namna ambayo waandishi wengi wa maisha yake wanasema hakupona. Basi huyu hakuwa bwana wa kuzunguka dunia tena. Dunia yake ilikuwa bustani, njia ya mchanga aliyokuwa akiizunguka kila siku kwa miguu, na mashamba yaliyopakana na ua wake.

Desemba 1842, hajamaliza hata miezi minne katika nyumba mpya, akachukua mawe ya chaki yaliyovunjwavunjwa akayatawanya juu ya kipande cha malisho karibu na nyumba. Kisha akangoja. Zingatia neno hilo, msomaji: alingoja miaka 29. Katika kungoja huko alizaliana, alizika, aliandika vitabu, alitukanwa na kusifiwa, na chaki ilikuwa ikishuka. Novemba 1871 akaamuru handaki lichimbwe kukata malisho yale. Mstari mweupe wa chaki ulionekana pande zote mbili za handaki, inchi 7 chini ya uso wa ardhi. Gawanya mwenyewe: ni chini kidogo ya robo inchi kwa mwaka. Palikuwa na shamba jingine lililojaa mawe makubwa ya gumegume hata watoto wake wakaliita shamba la mawe, na Darwin alikuwa na shaka kama angeishi kuyaona yamefunikwa. Miaka 30 baadaye farasi aliweza kulikimbia shamba lile kutoka mwisho hadi mwisho, kwato zisigonge jiwe hata moja.

Nawajua vijana wa leo wasiovumilia simu inayochelewa kufunguka. Siwalaumu. Nataka tu waipige picha hiyo ya mtu anayemwaga chaki akiwa na miaka 33 na kuja kuifukua akiwa na 62.

Wapinzani hawakukosekana. Mwaka 1869 mtu mmoja aliandika katika gazeti la wakulima wa bustani kwamba maneno haya hayawezekani, kwani mnyoo ni mdogo na dhaifu mno kuweza kazi kubwa kiasi hicho. Jawabu la Darwin lilikuwa kwamba watu hushindwa kujumlisha. Huona jambo dogo la leo, wasiweze kuliweka juu ya dogo la jana na la juzi. Kwa maoni yangu jawabu hilo ndilo ufunguo wa kazi yake yote, pamoja na ile inayotugombanisha.

Uzeeni, baada ya kumaliza vitabu vizito, aliurudia udongo kwa nguvu zote. Akawaleta nyungunyungu ndani ya nyumba, akawatia katika vyungu vilivyojaa udongo, vikapangwa chumbani mwake. Akataka kujua wanahisi nini. Je, wanaona? Usiku aliwamulikia kwa mshumaa na kwa taa yenye vioo vya rangi; ingawa hawana macho, mwanga mkali ukiwapiga upande wa kichwani hukimbilia shimoni, na mwanga mwekundu hafifu hawaujali sana. Je, wanasikia? Hapa nyumba nzima ikaingia kazini, na yasimuliwa kwamba kila mtu alipewa chombo chake. Mwanawe Francis aliwapigia basuni, zumari kubwa ya Kizungu, ya ukoo mmoja na nzumari yetu ya harusini. Mjukuu Bernard, mtoto mdogo ambaye mama yake alikufa kwa uzazi wake mwaka 1876, akapuliza firimbi. Bibi Emma akapiga piano. Wengine wakapiga kelele. Nyungunyungu wakakaa kimya, hawana habari. Lakini chungu kilipowekwa juu ya piano yenyewe na sauti moja nzito ikapigwa, wakazama mashimoni papo hapo. Basi hawasikii kwa hewa, wanahisi mtikiso wa kitu wanachokikalia. Mvuvi wetu aijua habari hii bila ya piano, maana hukanyaga kwa nyayo nyepesi anapofukua chambo.

Akawachunguza na chakula chao. Akagundua wanapenda majani ya mcheri wa mwituni na karoti, kabichi huchagua aina, na mafuta mabichi ya mnyama huyapenda kuliko nyama. Majani yenye harufu kali hawayataki. Kisha akafika kwenye jambo lililomshangaza yeye mwenyewe. Nyungunyungu huziba mlango wa shimo lake kwa majani, na jani huvutwa kwa ncha ile iliyo nyembamba, ambayo huingia shimoni kwa wepesi. Je, ni bahati au wana akili? Akakata karatasi za pembe tatu, akazipaka mafuta zisilowe, akazitawanya usiku. Asubuhi akahesabu 303 zilizovutwa mashimoni. Mia kwa 62 zilikuwa zimevutwa kwa ncha kali, mia kwa 23 kwa upande mpana, na mia kwa 15 kwa katikati. Lau ingelikuwa bahati nasibu isingetokea hivyo. Akasema wazi kwamba kiumbe huyu ana sehemu fulani ya akili, na wasomi wengine wakaguna.

Nimelipenda jaribio hilo kuliko yote kwa sababu ya unyenyekevu wake. Mtu ambaye jina lake lilikuwa limeshaenea mabara yote amepiga magoti bustanini, nguo zina umande, anahesabu vipande vya karatasi vilivyoburutwa na mnyoo. Halikuhitaji mashine wala ruzuku ya serikali. Makasi, karatasi, mafuta kidogo na subira, vitu ambavyo hata mwalimu wa shule ya msingi huku Kwale au Kilifi anaweza kuvipata.

Juni 1877 alisafiri na jamaa zake mpaka Stonehenge, kwenye yale mawe makubwa ya kale. Askari mzee aliyekuwa akilinda pale akamruhusu achimbe, naye akapima jinsi mawe yaliyoanguka yalivyozama. Alikuta nyungunyungu wa pale hawana bidii kubwa. Huko Abinger katika Surrey ilifukuliwa nyumba ya Warumi iliyohamwa zaidi ya miaka elfu nyuma, na hapo akaona kwa macho yake nyungunyungu wakipenya sakafu ya zege ya wale wakubwa wa dunia na kutupa vinyesi vyao juu yake. Watu wa mambo ya kale, alisema, wawashukuru hawa, maana ndio waliofunika sarafu na nakshi zisiharibiwe na mvua. Tukiwa na Gede yetu msituni na Jumba la Mtwana kule Mtwapa, neno hilo si geni. Kuta zasimama, lakini sakafu ilibidi itafutwe chini ya udongo. Ingawa huku kwetu mchwa, siafu na mizizi ya miti nao wana fungu lao katika kazi.

Aliwaandikia watu wa mbali pia. Kutoka bustani ya mimea ya Calcutta aliletewa vinyesi vya nyungunyungu wa Bara Hindi, virefu kama minara midogo. Na bibi mmoja mwaminifu alikusanya vinyesi vyote katika yadi mbili za mraba zilizo mbalimbali kwa mwaka mzima, akavikausha na kuvipima. Hesabu ikatoka tani 7 na nusu kwa ekari mahali pamoja, na tani 16 mahali pengine. Mwisho Darwin akakata kauli kwamba katika sehemu nyingi za Uingereza zaidi ya tani 10 za udongo mkavu hupita matumboni mwa nyungunyungu wa ekari moja kila mwaka na kuletwa juu. Tani kumi! Lori zima la udongo, limepakiwa na kupakuliwa na viumbe wasio na mkono wala mguu. Akaongeza kwamba plau ni uvumbuzi wa kale na wa thamani, lakini kabla ya plau ardhi ilikuwa ikilimwa na nyungunyungu, na ingali ikilimwa nao.

Kitabu kilitoka Oktoba 1881. Mwandishi alidhani hakitakuwa na wasomaji. Kikanunuliwa kwa maelfu katika muda mfupi, na barua zikamjia kutoka kila pembe, za wakulima na za wapumbavu pia. Gazeti la vichekesho, Punch, likamchora akizungukwa na mnyoo unaogeuka nyani, na nyani mtu. Alikwisha kuzoea.

Alikufa tarehe 19 Aprili 1882 akiwa na umri wa miaka 73. Alikuwa ametazamia kuzikwa katika ua wa kanisa la kijiji chake, karibu na ndugu na watoto wake, na seremala wa kijijini alishatengeneza jeneza la mbao lisilo na urembo, kama alivyotaka marehemu. Wakubwa wa London hawakukubali. Likaletwa jeneza jingine la kung'ara, naye akazikwa Westminster Abbey tarehe 26, chini ya sakafu ya mawe, miongoni mwa wafalme. Mimi jambo hili hunisikitisha. Mtu aliyewatumikia nyungunyungu miaka zaidi ya arubaini alistahili walau udongo wa kijijini. Mwanawe Horace aliendelea na kazi. Alitengeneza chombo cha kupimia jiwe la duara lililolazwa bustanini pale Down, na mwaka 1901 akatangaza kwamba jiwe lilikuwa likizama milimita 2.22 kwa mwaka. Baba angelifurahi kwa zile desimali mbili.

Sasa, liko jambo ambalo Darwin hakuliona, wala asingeweza kuliona kwa miwani ile ya zama zake. Aliona kinywa cha nyungunyungu kikila jani. Akaona firigisi yake, maana anayo kama kuku, na humeza vijiwe vya kusagia kama kuku. Akaona udongo mweusi ukitoka. Lakini kati ya jani na udongo mweusi wako wafanyakazi wengine, bakteria, wadogo mno hata elfu wangeweza kukaa juu ya ncha ya sindano. Elimu yao ilikuwa ikizaliwa siku zile zile alizokuwa akizeeka. Mwaka 1877 Wafaransa wawili, Schloesing na Müntz, walithibitisha kwamba naitreti ya udongoni hutengenezwa na viumbe hai. Mwaka 1886 Hellriegel wa Ujerumani akaeleza kwamba vinundu vilivyo katika mizizi ya jamii ya kunde vina vijidudu vinavyoishika naitrojeni ya hewani na kuilisha mmea. Mabibi zetu waliopanda kunde na mbaazi kati ya mahindi hawakumsoma Hellriegel, lakini mavuno yao yalikuwa yamemsoma.

Nyungunyungu na bakteria ni washirika. Mnyoo hulainisha, husaga na kutia unyevu. Bakteria waliokuwa wamelala udongoni huamka matumboni mwake kwa ule utelezi na maji, wakala, wakazaana, na kinyesi kinapotoka huwa kina bakteria hai na chakula cha mmea kilicho tayari kuliko udongo wa kando yake. Mashimo yake nayo huingiza hewa na maji ya mvua. Hewa hiyo ni muhimu, maana bakteria wema wa mboji hutaka kupumua. Rundo likikosa hewa huingiliwa na wale wa uvundo.

Aliyeunganisha habari hizi na jembe alikuwa Mwingereza mwingine, mzaliwa wa jimbo lile lile la Shropshire alikozaliwa Darwin. Huyu ni Sir Albert Howard, aliyezaliwa 1873 na kufa 1947. Alikwenda Bara Hindi kuwafunza wakulima, akaishia kuwa mwanafunzi wao, na katika mji wa Indore, kati ya 1924 na 1931, akatengeneza kanuni ya kufanya mboji: takataka za mimea, mavi ya ng'ombe, udongo kidogo na majivu, vikapangwa tabaka kwa tabaka, vikatiwa maji na kupinduliwa mara kadhaa mpaka miezi mitatu itimie. Kanuni hiyo ilifika kwetu mapema. Mahali pa kwanza kuishika katika Afrika palikuwa shamba la kahawa la Kingatori, karibu na Kiambu, Februari 1933. Shamba lilikuwa la walowezi na jasho lilikuwa la wenyeji, kama ilivyokuwa desturi ya siku zile, lakini mboji haikuuliza rangi ya mtu. Na kitabu cha Darwin kilipochapishwa tena mwaka 1945, utangulizi wake uliandikwa na Howard huyu.

Naandika haya kwa kuwa naiona ardhi yetu. Mchanga wa Pwani haushiki maji wala mbolea. Mkulima hununua gunia la dukani kwa bei inayopanda kila msimu, mvua moja kubwa ikashuka, na nusu ya fedha zake ikazama kwenye mchanga isikofika mizizi. Huku takataka za sokoni, maganda, majani ya migomba na makapi ya nazi, huchomwa moto au hurundikwa njiani mpaka zinuke. Mboji haishindani na mbolea ya dukani kwa kasi, na anayemwahidi mkulima hivyo anamdanganya. Kazi yake ni kuufanya mchanga uweze kushika, maji na hiyo mbolea pia, na kazi hiyo huonekana kwa misimu kadhaa.

Mimi si bwana shamba, lakini nyuma ya nyumba yangu ninalo sanduku la mbao chini ya mwembe, na nitaeleza ninavyofanya. Nyungunyungu wa kufuga si yule mkubwa wa shambani anayechimba chini sana, bali ni yule mwekundu mwembamba apatikanaye kwenye marundo ya samadi kuukuu. Takataka mbichi zisitiwe zote pamoja na wanyoo. Zirundikwe kando kwanza. Bakteria wakianza kazi rundo hupata moto, nyuzi 55 na zaidi za Selsiasi, moto huo ukaua mbegu za magugu na vijidudu vya maradhi. Lakini nyungunyungu ukimtia humo atakufa, maana zikipita nyuzi 35 hawezi. Basi ngoja lipoe, ndipo uwatie. Kivuli ni sharti huku kwetu. Unyevu uwe kama wa kitambaa kilichokamuliwa. Malimau na pilipili wasipewe, nyama na mafuta pia, ijapokuwa wa Darwin waliyapenda; panya na nzi wa Mombasa wanayapenda zaidi.

Miezi mitatu au minne baadaye, yaliyomo huwa meusi, laini, yana harufu ya ardhi iliyopata mvua ya kwanza. Kuwatenga wanyoo na mbolea hakuna taabu ukiikumbuka ile taa ya Bwana Darwin. Mwaga vyote juu ya gunia mahali penye mwanga, fanya vilima vidogo vidogo, kakae barazani kiasi cha robo saa. Wataukimbia mwanga na kuzama chini. Wewe komba mbolea ya juu, ngoja tena, ukombe tena, mpaka ubaki na fundo la nyungunyungu peke yao chini ya kilima. Warudishe sandukuni kabla kuku wa jirani hawajafika.